Kabla ya kuizima Masha and the Bear

Pole dada. Nimekuelewa: shemeji kakwambia Masha and the Bear, katuni ya Urusi anayoitazama mwanao, ni propaganda, nawe hujui uizime au uiache. Hata mwanangu anaipenda mno.

Usihukumu kwa nchi ilikotoka. Tazama mwenyewe vipindi vitatu vinne, ujiulize: nani mwema kila mara, nani mbaya, na wabaya wote ni watu wa aina moja? Bendera na sare zinapita tu, au zinatukuzwa? Kuna kipindi Masha, yule msichana mdogo, anavaa kofia ya askari wa mpakani ya enzi za Kisovieti, analinda karoti za Dubu zisiibwe na sungura. Kofia hiyo imezua maneno hadi magazetini Uingereza. Mimi naona mzaha. Tangu 2009 sehemu kubwa ni utundu mtupu wa mtoto na dubu mstaafu wa sarakasi. Alama moja haitoshi, tafuta inayojirudia.

Halafu muulize mwanao ameona nini. Wangu alijibu, "Sungura ana njaa."

Ila akianza kutamka maneno ya kuchukia kabila au dini fulani, simamisha kwanza, uongee na mwalimu wake. Na zile video za Masha bandia huko YouTube? Hizo ndizo zinanitisha zaidi.