Eklektasi anagonga vidole? Acha kwanza hayo matone

SWALI: Daktari, nina kasuku eklektasi dume, kijani, ana miaka 2. Wiki ya tatu sasa anagongagonga vidole kwenye kijiti na anajinyofoa manyoya ya kifuani. Anakula peleti, yaani vile vidonge vya chakula cha kiwandani. Muuzaji kaniambia nimtilie matone ya vitamini kwenye maji, na eti akikomaa atageuka mwekundu. Ni kweli?

JIBU: Hageuki. Dume ni kijani na mdomo wa juu rangi ya chungwa, jike ni mwekundu mdomo mweusi, na rangi ya manyoya unaiona tangu kinda anapoanza kuyaota. Zamani hata wataalamu walidhani ni ndege wa aina 2 tofauti. Sasa muuzaji asiyejua hata hilo ndo anakuandikia dawa?

Hayo matone ndo yananichosha. Kila mara naletewa ndege anayekula peleti zilizokwishatiwa vitamini, juu yake kaongezewa matone, mguu unakunja na kukunjua vidole kila baada ya sekunde chache kama umeguswa na umeme, na mwenyewe anazidisha matone akidhani vitamini imepungua! Vitamini A ikizidi haitoki kwa mkojo, inajilimbikiza kwenye ini. Halafu ukiitia kwenye maji hujui kanywa kiasi gani, joto likizidi anakunywa mengi, ladha ikimkera hanywi kabisa, na ukipitisha kidole ndani ya kile chombo unakuta ute, hao ni bakteria.

Acha matone leo. Peleti punguza taratibu, usikate ghafla. Kwao msituni, Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia, anaishi zaidi kwa matunda, kwahiyo mpe papai, karoti, boga la kuchemsha, majani ya kijani, mbegu kidogo tu. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake. Ila kujinyofoa kuna sababu nyingi, kuanzia virusi na ini mpaka upweke, kwahiyo apimwe damu, kalisiamu iangaliwe.

Na hili si la eklektasi peke yake, kuna watu wanamwaga mpaka antibiotiki za kuku kwenye maji ya kasuku, ndege anafika kwangu kajikunyata, mfupa wa kifua umechomoza kama kisu, na dawa imeshavuruga vipimo, bakteria haoti tena maabara. Jamani, dawa ya ndege inapimwa kwa gramu za uzito wake, haikisiwi kwa matone!

Ukienda kwa daktari beba na hiyo chupa pamoja na pakiti ya peleti, asome kilichoandikwa kabla hajamshika ndege.