Kumchagulia mama makao ya wazee

Dada yangu, umeuliza utajuaje kama makao ya wazee mliyoonyeshwa Leicester yatamfaa mama yenu, ambaye hawezi tena kujigeuza kitandani. Anza na ripoti ya Care Quality Commission, tume inayokagua makao ya England na kuyapa mojawapo ya madaraja manne, ambalo sheria inataka libandikwe mahali panapoonekana. Lakini tazama na tarehe, kwa maana ripoti ya zamani huenda inawahusu wafanyakazi walioshaondoka.

Kisha nenda mwenyewe, ikiwezekana jioni. Nilipokuwa nikimtafutia baba mahali, niliona kengele ya kumwita mhudumu imening'inia ukutani, mbali na mkono wa mzee aliyelala, na glasi yake ya maji imejaa pomoni. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Wewe uliza usiku hubaki wahudumu wangapi, na ni nani atakayemgeuza mama, kila baada ya muda gani, asije akapata vidonda vya kulalia. Tangu Aprili 2024 kanuni zinayataka makao hayo yawaruhusu ndugu kutembelea, isipokuwa pawe na sababu ya kipekee. Wakikuzuia, waombe sababu hiyo kwa maandishi.