Mrusho wa mikono miwili: kazi kubwa iko kabla ya kurusha mbele

Ndugu, umeeleza kwamba una ufito wa kuvulia wa mikono miwili wa futi 15 na mshipi wa asili wenye kichwa kirefu (kichwa ni sehemu nene na nzito ya mbele ya mshipi), kwamba kila unaporusha mshipi huangukia katikati ya mto ukiwa umejikunja hata unapotia nguvu zako zote, na unauliza kama uuache ununue wenye kichwa kifupi. Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kuvua samoni kwa njia hii, ni kwamba usiuache bado. Kasoro unayoitafuta katika mwendo wa kurusha mbele huwa imekwisha kutokea kabla mwendo huo haujaanza, na mshipi mfupi utaificha tu bila kuiondoa.

Inafaa kukumbuka mrusho huu, uitwao Spey, ulizaliwa kwa haja gani. Mto Spey wa Scotland una maji yaendayo kasi, na katika sehemu nyingi kingo zake zimeinuka au zina miti hadi karibu na maji, kwa hiyo mvuvi hana nafasi ya kuunyoosha mshipi wote hewani nyuma yake kama afanyavyo mwenye ufito wa mkono mmoja. Wavuvi wa huko katika karne ya 19 waliiacha ncha ya mshipi iguse maji karibu nao, wakajenga tao kwa sehemu iliyobaki nyuma ya ufito, kisha wakalisukuma tao hilo mbele. Fito zao zilikuwa za mti wa greenheart utokao Guyana, nyingine zikizidi futi 18. Alexander Grant wa Inverness alisifika kwa fito zake zilizoitwa Grant Vibration, ambazo vipande vyake vililazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja bila pete za chuma, ili ufito upinde kwa mfululizo kutoka shinani hadi nchani. Ufito mrefu na mzito wa namna hiyo haukubali kuharakishwa, na mwendo wa taratibu ambao watu wale walilazimika kujifunza ndio huohuo ambao mshipi wako unaudai.

Kila mrusho wa aina hii unategemea vitu viwili: nanga na tao. Nanga ni ile sehemu ndogo ya mwisho ya mshipi, pamoja na uzi mwembamba na nzi wa bandia (ndoana iliyovikwa manyoya kama chambo), inayoshikwa na maji kwa muda mfupi. Tao, lenye umbo la herufi D ukilitazama kutoka ubavuni, ni uzito wa mshipi unaoning'inia nyuma ya ufito na kuupinda. Nanga ikiwa ndefu mno, nguvu zako zote huishia kuung'oa mshipi majini. Ikiwa fupi mno, hung'oka kabla ya wakati na mshipi hupiga nyuma yako. Tao likiwa dogo, ufito haupindi, na hapo ndipo mvuvi huanza kutumia mabega badala ya ufito. Kwa maelezo uliyotoa, naamini wewe una nanga ndefu na tao dogo kwa pamoja, kwa sababu yote mawili hutokana na kuinua mshipi vibaya.

Hapo ndipo ningekusihi utumie muda wako mwingi. Mwanzoni ncha ya ufito iwe karibu kabisa na maji na mshipi uwe umenyooka upande ambako maji yanaelekea, bila ulegevu wowote. Kisha inua ufito polepole, kwa kasi moja isiyokatika, mpaka uone sehemu kubwa ya mshipi imetoka majini na iliyobaki inateleza juu ya uso wa maji. Mshipi wa kichwa kirefu unaweza kuwa na mita 20 au zaidi nje ya ufito, na maji huzishika zote; ukianza kuuzungusha kabla maji hayajauachia, sehemu iliyonaswa haifiki mahali pa nanga, na kila kinachofuata ni kufidia. Wengi huinua kwa muda mfupi mno kwa sababu macho yao yamekwisha kwenda ng'ambo. Tazama mshipi, usitazame ng'ambo.

Baada ya kuinua, ncha ya ufito huzunguka kuelekea upande wa nanga ikipanda kidogo kidogo. Kosa linaloonekana zaidi kuliko yote ni kuishusha ncha katikati ya mzunguko huo, kwani mshipi hufuata ncha kokote iendako: ncha ikishuka, mshipi nao hushuka na kulala majini kama mlundo. Zungusha kiuno na mabega pamoja na ufito, mikono isijitenge na mwili, na mvutano kwenye mshipi usipotee hata mara moja. Katika mrusho wa Spey mmoja, yaani ule ambao mshipi huzungushwa mara moja tu kabla ya kusukumwa mbele, nanga inapaswa kugusa maji kando yako, umbali wa takriban urefu wa ufito na mbele kidogo ya mstari wa mabega. Mara tu inapogusa, mwendo wa mbele uanze, kwa maana nanga ya mrusho huu haingoji.

Mwelekeo nao una sheria yake, na sheria hii haina msamaha. Tao lielekee kinyume kabisa cha mahali unapotaka nzi aangukie, na nanga ilale sambamba na mstari huo. Ukitaka kurusha kuvuka mto lakini tao lako bado linaelekea upande ambako mto unatoka, mshipi utajipinda hewani au utajikatiza wenyewe. Kwa mshipi mrefu, badilisha mwelekeo kwa pembe ndogo kwanza, ukirusha kwa mshazari kuelekea upande ambako maji yanaelekea. Kwa samoni mara nyingi pembe hiyo ndiyo inayofaa hata hivyo, kwa kuwa nzi huvuka mkondo polepole.

Kuhusu mwendo wa mbele wenyewe nina machache. Mkono wa chini ndio unaofanya kazi: uvute kuelekea tumboni, huku mkono wa juu ukiwa egemeo lisilosogea sana. Mkono wa juu ukisukuma, ncha hushuka mapema na tao la mshipi unaoruka mbele hufunguka mno, na upepo mdogo tu huliangusha. Anza taratibu, ongeza kasi, simamisha ufito ukiwa bado juu. Usiushike kwa kukaza vidole.

Upepo ndio uamue ni mrusho upi utumike, na hili ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la ustadi, kwani nanga lazima iwe upande ambako upepo unaelekea ili ndoana isipeperushwe usoni. Upepo ukivuma kupanda mto, tumia Spey mmoja, ambao nanga yake huwa upande wa juu ya mto. Ukivuma kushuka mto, tumia Spey maradufu, wenye miendo miwili kabla ya kusukuma mbele, ambao nanga yake hubaki upande wa chini. Kwa hiyo mvuvi wa mikono miwili hana budi kuweza kubadilisha mkono wa juu, maana ukingo wa kushoto na wa kulia hudai mikono tofauti.

Sasa nirudi kwenye swali la mshipi. Vichwa vifupi, vile vya Skandinavia na vile vilivyopewa jina la mto Skagit wa Marekani, ni zana nzuri, na mahali ambapo miti imekubana mgongoni au unapohitaji kurusha nzi mzito na ncha ya mshipi inayozama, mimi mwenyewe huvitumia. Lakini navyo hukulazimu kuvuta mita nyingi za mshipi mwembamba ulio nyuma ya kichwa kwa mkono baada ya kila mrusho. Kwa mshipi wa asili, nzi anapomaliza kuvuka mkondo unapiga hatua kushuka, unainua na kurusha tena, na nzi wako hukaa majini muda mrefu zaidi. Katika mto mpana wenye nafasi ya kutosha, sijaona njia nyingine inayovua kwa utulivu huo.

Fanya mazoezi majini na si kwenye nyasi, kwa sababu nyasi hazishiki nanga kama maji. Funga kipande cha sufu badala ya ndoana, vaa miwani na kofia, na uingie kina kisichozidi magoti, maana kila unapozama zaidi ufito wako unakuwa kama umefupishwa. Rudisha sehemu ya mshipi kwenye rili mpaka ubaki na urefu unaoweza kuuinua wote bila haraka, hata kama ni nusu tu ya kichwa chake. Tao linapoanza kuupinda ufito kwa uzito wake lenyewe bila wewe kutia nguvu, toa mita moja zaidi.