Lava pekee wanatosha kutaja spishi mpya?

Ndugu yangu wa Malindi, nimekuelewa: umeokota Mto Sabaki lava, yaani wadudu wachanga waishio majini, wa kundi la Efemeroptera, wale wadudu ambao wakishaota mbawa hawali tena, hawafanani na wowote vitabuni, na mdudu mzima mwenye mbawa huna.

Kanuni za kimataifa za kutaja wanyama zinaruhusu kutaja spishi kwa lava peke yake. Hatari ni kuwa huenda mdudu mzima alishapewa jina zamani, ila lava wake hakujulikana. Kwa hiyo chagua lava waliokomaa, wenye vifuko vya mbawa vilivyokwisha kuwa vyeusi, uwafuge kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, ufunike kwa chandarua. Mdudu mzima akitoka, ganda alilovua lihifadhi pamoja naye. Ndilo linalounganisha lava na mdudu mzima.

Unapomtambua lava, idadi ya mikia isikudanganye. Hukatika ovyo, mimi nilipoteza wiki nzima kwa lava wa "mikia miwili", kumbe wa tatu ulibaki kwenye wavu. Tazama matamvua ya tumboni, yaani viungo vyake vya kupumulia majini. Kama jozi ya pili imepanuka mfano wa vifuniko vya mraba, anzia familia ya Kaenidi: vifuniko hivyo hukinga matamvua ya nyuma yasizibwe na tope, na tope la Sabaki unalijua. Kisha chambua sehemu za mdomo kwa hadubini, uzichore.

Ukitaka DNA, formalini iache, tumia ethanoli ya asilimia 95. Kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kitangulie, na kielelezo kikuu, yule mdudu mmoja anayebeba jina la spishi, kikae Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mtaalamu wa kundi hili mtafute kabla hujachapisha jina.