Maswali ya Pikipiki: Hedi Irudiwe Kukazwa au Iachwe?

Bodaboda yangu ya cc 150 imefunguliwa injini. Fundi kabadilisha pistoni, ringi na gasketi ya hedi, kisha akaniambia nirudi baada ya kilomita 500 akaze upya nati za hedi. Kijiweni wananiambia anatafuta hela ya pili. Nirudi?
*Msomaji, Ipagala, Dodoma*

Rudi, ila kwanza muulize kafunga gasketi ya aina gani kati ya silinda na hedi (kifuniko cha juu ya silinda), maana jibu limekaa hapo.

Gasketi laini, ile nyeusi au ya kijivu yenye pete ya chuma kuzunguka tundu la silinda, ukiiparuza kwa ukucha inabaki na alama. Yenye hii lazima hedi irudiwe kukazwa. Injini ikipata moto, hedi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya stadi za chuma (vyuma virefu vyenye uzi vinavyoishikilia hedi), kwa hiyo gasketi hubanwa zaidi ya ilivyobanwa siku ya kufungwa, nayo hubonyea. Injini ikipoa, gasketi hairudi unene wake wa mwanzo. Stadi inakuwa imelegea ingawa nati haijazunguka hata kidogo. Ukiiacha hivyo, moto wa silinda hupenya taratibu mpaka gasketi inaungua. Dalili ya kwanza utaiona kwenye mapezi ya injini: vumbi letu hili jekundu linaganda kama uji mweusi kwenye maungio ya hedi na silinda, kwa sababu kuna oili inayovuja pale.

Gasketi ya pili ni ya mabati membamba yaliyobanwa pamoja kwa ribiti, yenye tuta dogo kuzunguka tundu. Hiyo haibonyei. Ikiwa ilikazwa kwa kipimo siku ya kwanza, iache. Iache pia kama kitabu cha injini kinaagiza boliti zikazwe kwa kipimo kisha zizungushwe digrii kadhaa. Boliti za namna hiyo hazirudiwi kukazwa.

Kilomita 500 ni wakati mzuri, kwa kuwa ndipo unapomwaga oili ya kwanza pia. Kwa anayezunguka kilomita 100 kwa siku, hizo ni siku tano. Ila usimpelekee fundi pikipiki iliyotoka barabarani: kipimo cha kitabu ni cha injini ya baridi, hivyo ilale usiku kucha, ikazwe asubuhi kabla haijawashwa. Apulize vumbi kwanza ndipo afungue kifuniko cha tapeti, vinginevyo mchanga utaingia kwenye oili mpya.

Kisha alegeze nati moja robo mzunguko, aikaze mpaka kipimo, ndipo ahamie ile ya mkabala kwa mshazari. Asilegeze zote nne kwa pamoja, gasketi itahama. Kulegeza kuna sababu yake: nati iliyokaa huwa imeshika, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inaweza kulia "tik" kabla nati haijasogea, ukadhani imekaza. Boliti ndogo za pembeni, kama zipo, zifuate mwisho.

Hapa kwetu hakuna fundi mwenye toki renchi. Wanakaza kwa mkono wa uzoefu. Inatosha?
*Msomaji, Kibaigwa*

Haitoshi. Mkono ulioshinda unafungua nati za magurudumu ya Fuso hauwezi kuhisi kipimo cha pikipiki. Stadi za hedi za milimita 8, kwenye injini nyingi ndogo, huangukia kati ya Nm 20 na 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Namba kamili ichukuliwe kwenye kitabu cha pikipiki yako. Ukizidisha, uzi wa aluminiamu unakatika na stadi inatoka nayo.

Mizani ya ndoano, hiyo ya kupimia nyama, inaweza kusaidia. Funga kamba kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, uvute kwa mizani huku kamba imesimama mraba na spana. Kilo 11 kwa sentimita 20 ni karibu Nm 22. Vuta polepole, bila kushtua. Uzi uwe safi, na kama kitabu hakikusema upakwe oili, usiupake: uzi wenye oili huteleza, kwa kipimo kilekile stadi inavutwa zaidi.

Angalia pia nati za kofia na washa za shaba. Kwenye injini nyingi stadi mojawapo ndiyo njia ya oili kupanda juu. Vikibadilishwa nafasi, oili itavuja hata ukikaza namna gani. Na silikoni usiipake kwenye gasketi ya hedi. Inayominywa ndani huziba tundu hilo la oili, rocka (mikono midogo inayosukuma valvu) zikakauka.

Baada ya kukaziwa hedi, kelele za tapeti zimeisha kabisa, lakini asubuhi pikipiki haiwaki mpaka isukumwe. Injini ni aina ya CG.
*Msomaji, Mpwapwa*

Ukimya huo ndio ugonjwa wenyewe. Injini ya CG inasukuma valvu kwa vijiti virefu kutoka chini. Hedi ikishuka kwa kukazwa, rocka zinashuka nayo, vijiti vinabaki palepale, na nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya rocka na valvu, inapungua. Ikiisha, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, injini haiwaki ikiwa ya baridi. Usiendelee kuiendesha hivyo, valvu ya ekzosi itaungua.

Injini ikiwa ya baridi, zungusha mpaka alama ya T ya magneti ilingane na alama ya kava, na rocka zote mbili zichezecheze. Zikiwa zimekaza, jaribu mzunguko mmoja zaidi. Zikikaza hapo pia, legeza skrubu za tapeti kwanza. Weka fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.08 mm, kaza nati ya kufungia, kisha pima tena kwa sababu nati hiyo huzungusha skrubu. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Kelele ndogo ya tik-tik ikirudi, iache.