Ametoka kwenye matibabu, kipimo kinaonyesha bangi: usimfukuze bado

Mama mmoja ameniandikia: mwanawe wa miaka 16 amerudi kutoka kwenye matibabu ya uraibu wiki mbili zilizopita, wamempima mkojo, bangi imeonekana. Kijana anasema hajavuta tena; baba anataka aondoke.

Hapana. Kwa aliyekuwa akivuta kila siku, masalia ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mkojo unaweza kuyaonyesha siku 30 na zaidi baada ya msokoto wa mwisho. Kipimo cha nyumbani hakisemi alivuta lini. Omba maabara ipime kiwango chenyewe, kikilinganishwa na kreatinini (taka ya kawaida ya mwili itokayo na mkojo) ili maji mengi aliyokunywa yasidanganye, kisha irudie baada ya wiki. Kikizidi kushuka, ni ishara kubwa kwamba kijana anasema kweli, na aliyetaka kumfukuza amwombe radhi.

Aliyekuwa kwenye heroini au vidonge vikali vya maumivu ana hatari nyingine, na hapa familia nyingi husinzia. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa hauhimili tena kiasi cha zamani. Akirudia kwa kiasi kile kile, pumzi inaweza kukatika. Wekeni naloksoni ya kupuliza puani, yaani dawa inayozima nguvu ya heroini na vidonge hivyo, hata wadogo zake wajue ilipo. Mkimkuta hazinduki, anapumua kwa shida, fanyeni hivi: iteni msaada wa dharura, pulizeni tundu moja la pua, msaidieni kupumua. Dakika 2 hadi 3 zikipita bila nafuu, pulizeni nyingine. Akipumua, mlazeni ubavu na msimwache: dawa hiyo inaweza kuisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, heroini bado imo. Kama hakutumia dawa za jamii hiyo, naloksoni haitamdhuru.

Mengine ni ya kila siku. Miadi ya kwanza na mshauri iwe ndani ya siku 7. Dawa zote za nyumbani, hata za bibi, zifungiwe. Usingizi utasumbua wiki kadhaa, na ndoto zitakuwa kali. Msimpe vidonge vya usingizi kienyeji, maana baadhi navyo hulevya.

Na wazazi, acheni mahubiri usiku wa manane! Hamu ikimpanda, mara nyingi hupoa ndani ya nusu saa. Mtoeni nje mtembee naye, simu ibaki ndani, na maswali yasubiri asubuhi.