Huyo profesa wa Mpemba alikuwa nani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko fom faivu hapa Moshi, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Kuna mtu katuambia yule Erasto Mpemba wa maji ya moto kuganda haraka kuliko ya baridi alisoma hapo juu Mweka, na eti makala aliandikiwa na profesa mzungu. Ni kweli? Na huyo profesa ni nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mweka ni kweli, ila hilo la kuandikiwa nalikataa kabisa. Makala ilitoka 1969 kwenye jarida la Physics Education la Uingereza, ina majina mawili na la kwanza ni Erasto Mpemba, wakati huo yuko chuo cha wanyamapori Mweka. Nusu ya kwanza anasimulia mwenyewe alivyotengeneza aiskrimu Magamba Sekondari mwaka 1963, akaingiza maziwa ya moto kwenye friza na yakawahi kuganda. Vipimo vya profesa vinafuata baada ya hapo.

Profesa ni Denis Osborne, alifundisha fizikia chuo kikuu Dar, baadaye akaingia kwenye diplomasia akawa balozi wa Uingereza Malawi. Alienda kuongea na wanafunzi wa Mkwawa, Iringa, Mpemba akamuuliza mbona maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya yale ya 35 na ujazo ni uleule, wenzake wakamcheka, Osborne yeye akasema atajaribu na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta jibu kwamba ya moto yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Wangapi wangeishia hapo? Osborne aliendelea kupima, maji sentimita za ujazo 70 kwenye bika, na yaliyochelewa kuliko yote ni yaliyoanzia kama nyuzi 25, ya 90 yakawahi sana. Kwangu hiyo ndo kazi yake kubwa, kulipima swali la kijana kisha kumtanguliza jina.

Ubishi bado upo lakini, mwaka 2016 kuna watafiti Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo jaribuni shuleni, vikombe vinavyofanana, ujazo sawa, temomita ikae kimo kilekile, na msiweke juu ya barafu ya friza maana kikombe cha moto kitaiyeyusha kikalie chuma chenyewe, hapo mtakuwa mmepima kitu kingine. Mkipata majibu tutumieni, hata kama ya baridi ndo yametangulia.